Chupa Niliyoilaza

Siku yangu ya kwanza kazini waliangalia kucha zangu. Karani wa Geti, mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, alitupanga wanawake kumi na wanane kwenye ukuta wa ghala pale Industrial Area, akatuambia tunyooshe mikono. Akapita akikagua kama mwalimu wa zamu. Mwenye kucha ndefu alirudishwa nyumbani kwa sababu zinachana stempu. Mwenye kucha zilizokwisha kabisa naye alirudishwa, kwa sababu hawezi kubandua stempu kutoka kwenye karatasi yake. Zangu zilikuwa za katikati. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya pombe, mimi ambaye sijawahi kununua hata bia moja tangu nizaliwe.

Nimesoma hadi darasa la nne, kwa hivyo msitafute hapa maneno ya chuo. Ninaandika kwa sababu ya mjukuu wangu Sharon, ambaye anauza katika duka la pombe hapa Tassia. Mwezi uliopita aliniletea simu yake nikiwa nachambua mboga.

"Shosho, cheki hii. Wiski chupa moja, bei ya ploti! Na kuna mtu amenunua."

"Ndani kuna nini?"

"Si wiski tu. Lakini imekaa miaka mob, mingi ajabu, kwa pipa. Wewe si ulifanya hiyo kazi? Niambie, hiyo bei ni haki, ama watu wanachezewa?"

Nikamwambia anyamaze nimalize mboga. Lakini swali halikuniacha. Chupa ya namna hiyo nimeishika kwa mikono hii, na kilichomo nimekionja. Na yuko mtu aliyelipa bei yake ambaye hakuonja hata tone. Acheni nieleze kazi yetu ilivyokuwa, halafu mtapima wenyewe.

Stempu ndiyo iliyokuwa mlango wetu sote. Kila chupa iliyotoka ng'ambo ilipaswa kubandikwa stempu ya ushuru, kale kakaratasi kanakoonyesha kwamba serikali imepata haki yake. Unakabandua kwa ukucha, unakavusha juu ya mfuniko ili chupa isifunguliwe bila kenyewe kuraruka, unakalainisha kwa kidole gumba. Msimamizi wa Stempu alikuwa mama mnene asiyetabasamu. Ukibandika vibaya alikuinulia chupa yako mbele ya wote.

"Stempu ni kama kitambaa cha kichwa," alikuwa akisema. "Ikikaa upande, watu wanaanza kujiuliza ulikuwa wapi."

Miaka kumi na moja nilikuwa kibarua. Nyinyi wa siku hizi mnalisikia neno hilo na kulipita tu. Kibarua ni mtu ambaye kazi yake inakufa kila jioni. Asubuhi mnasimama getini, Karani anasoma majina. Ukiitwa, leo una kazi. Usipoitwa unarudi Pipeline, mtaa tuliokuwa tukiishi, kwa miguu, na watoto wako wanajua habari kwa kusikia unavyopanda ngazi. Mume wangu alikuwa ameshakufa, nami nilikuwa na watoto watatu, Ruth akiwa mkubwa wao. Kitu nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja, barua. Barua ya kuajiriwa, yenye mhuri, ya kusema kwamba kesho pia nina kazi.

Mwaka wa nne nilipelekwa kwenye taa. Taa ni meza yenye sanduku la mwanga mweupe nyuma yake. Unashika chupa shingoni, unaipindua mara moja, unaiangalia ikitulia. Unatafuta takataka inayoelea, unatafuta ufa, na zaidi ya yote unatafuta kimo. Kimo ni pale kinywaji kinapofikia shingoni. Kikiwa chini ya mahali pake, basi chupa hiyo imevuja au imeibwa, na haitoki. Niliangalia chupa kutoka saa mbili hadi saa kumi na moja, mwaka baada ya mwaka, na macho haya yanayotiririka machozi nikifungua Biblia yaliharibikia hapo. Waliniita Mama Taa. Nilikuwa mzuri kwa kazi hiyo. Sisemi hivyo kwa majivuno, ni kwamba ilikuwa kweli.

Aliyenifundisha maana ya bei alikuwa Meneja wa Ghala, mtu wa miwani mizito aliyependa kuulizwa maswali. Siku moja nilimuuliza kwa nini wiski hii iuzwe bei ya unga wa mwezi na ile iuzwe bei ya ng'ombe, na rangi ni ile ile.

"Pipa, Mama Taa," akasema. "Wiski inapotengenezwa haina rangi, ni kama maji. Inatiwa kwenye pipa la mwaloni, inakaa, inakunywa rangi na harufu ya mbao. Lakini mbao nayo inapumua. Kila mwaka kiasi fulani kinatokomea hewani. Wenye kazi hiyo wanasema kinanywewa na malaika."

"Malaika wa upande gani?"

Alicheka hadi akavua miwani. "Wewe, kama si huku basi ni kanisani, lazima utafukuzwa mahali."

Akaniambia kwamba pipa likikaa miaka arobaini, zaidi ya nusu yake imekwenda. Tena si kila pipa linazeeka vizuri, mengine hugeuka uchungu kama kutafuna mbao, mtu akawa amesubiri bure maisha yake yote. Kinachobaki kizuri ni kidogo, na wengi waliokitia humo wameshazikwa. Halafu juu yake weka ushuru, weka meli, weka kisanduku cha kupendeza, weka jina, na weka matajiri wawili wanaotaka kitu kimoja. Hiyo ndiyo bei. Akaongeza jambo ambalo watu wa madukani hawalijui. Wiski ikishatiwa kwenye chupa haizeeki tena. Ya miaka kumi na miwili ukiificha kabatini miaka hamsini, itatoka ikiwa ya miaka kumi na miwili, yenye vumbi.

Mwaka wa nane nikaongezewa chumba cha mvinyo. Huko mkubwa wangu alikuwa Mtaalamu wa Mvinyo, mzee mrefu aliyetembea kwa kunyata kama ndani kuna mgonjwa. Sheria yake ilikuwa ya kizibo. Kizibo cha gome kikikauka kinasinyaa, hewa inapita, mvinyo unageuka siki. Kwa hivyo chupa ya kizibo hulazwa, ili kinywaji kikiloweshe kizibo kila saa. Ya kifuniko cha chuma husimama. Kila asubuhi alituuliza kama watoto wa katekisimu.

"Mama Taa, kizibo?"

"Kinalala."

"Chuma?"

"Kinasimama."

Wiski zetu zote zilikuwa za chuma. Zilisimama. Hakuna aliyewahi kuuliza habari ya wiski yenye kizibo, kwa kuwa hatukuwahi kuiona.

Hapo katikati ya chumba cha mvinyo na taa palikuwa na kizimba, chumba cha waya chenye kufuli, cha vitu vya bei kubwa. Ufunguo nilikuwa nao mimi, na mwingine alikuwa nao Nyapara, yaani msimamizi wa wachukuzi. Na mchukuzi wa kizimba alikuwa Zakayo.

Zakayo ni mtu wa kwetu Magharibi, na tulisali naye kanisa moja pale Pipeline. Hakunywa, hakuvuta, na hata soda aliiangalia kwa shaka kwa sababu ya yale mapovu. Wenzake walimtania kila siku.

"Zakayo, miaka tisa unabeba pombe na hujui ladha yake! Wewe ni punda wa harusi."

"Punda wa harusi," angejibu akiweka katoni begani, "ndiye peke yake anayerudi nyumbani akijua njia."

Mwaka wangu wa kumi kikaja kisanduku. Kilitoka kwenye lori siku ya mvua, Zakayo akakileta kizimbani akiwa amekifunika kwa koti lake mwenyewe. Meneja alikuja kwa miguu yake.

"Mama Taa, humu mna wiski ya miaka arobaini. Mwenyewe yuko ng'ambo, ataichukua akirudi. Hii ikivunjika, usirudi hata kuchukua leso yako."

Katoni ya nje ilikuwa imelowa, nikaivua nikaitupa. Nadhani ilikuwa na mishale ya kuonyesha upande wa juu. Sikuiangalia mara mbili. Ndani kulikuwa na kisanduku cha mbao kinachong'aa, na ndani yake chupa imelalia kitambaa. Nikaitazama kichwa. Haikuwa na chuma. Ilikuwa na kizibo, kimefunikwa kwa karatasi ya risasi.

Nikajiuliza kama nilivyofundishwa. Kizibo? Kinalala.

Nikaweka kisanduku ubavu kwenye rafu ya chini, nikakifunika kwa gunia safi kisipate vumbi. Nilikifunika kama mtoto. Kikalala hivyo mwaka mmoja na miezi mitatu.

Ile wiki mwenyewe aliporudi, Karani wa Geti alininong'oneza kwamba barua moja ya kuajiriwa ilikuwa imechapwa, na jina lilikuwa langu. Ilibaki sahihi ya Meneja tu. Niliimba nikifua nguo. Jumamosi Zakayo akatumwa alete kisanduku kwenye taa nikikague kabla hakijatoka. Kutoka kizimbani hadi kwenye taa ni kama hatua sitini. Alikibeba begani, ubavu vile vile kilivyokuwa kimelala, akakitua taratibu.

"Mama Ruth, mtoto wako huyu hapa. Amelala usingizi wa pono."

Nikaitoa chupa, nikaishika shingoni, nikaiweka mbele ya mwanga. Na kabla akili haijafika, mdomo ukasema kama ulivyozoea kusema miaka saba.

"Imepungua!"

Kimo kilikuwa kimeshuka chini ya shingo, kimefika begani. Nyapara akaja mbio. Akaangalia chupa, akamwangalia Zakayo, akavuta hewa kwa pua.

"Wewe. Sogea hapa. Koti lako linanuka nini?"

"Sijui, bwana. Labda ni kisanduku, nilikuwa nimekibeba begani."

"Kisanduku ndicho kilichokunywesha?"

Bega la koti lilikuwa na unyevu. Na lazima mjue, wezi wa ghala walikuwa na ufundi wao. Walichukua sindano ndefu ya hospitali, wakaipitisha kwenye kizibo, wakafyonza kidogo kidogo bila kugusa stempu. Tulikuwa tumeshaona chupa za mvinyo zilizofanywa hivyo. Kwa hivyo Nyapara hakutafuta mbali.

"Watakatifu ndio wabaya zaidi," akasema. "Sindano iko wapi?"

Zakayo akanigeukia. "Mama Ruth, wewe ndiwe mwenye ufunguo. Waambie mimi siingii huko bila wewe."

Mimi niliangalia ndani ya kisanduku. Kitambaa kilikuwa kimelowa upande mmoja tu, upande wa kichwa cha chupa. Nikaelewa. Sikuelewa kwa nini, lakini nilielewa kwamba imevuja ikiwa imelala, na aliyeilaza ni mimi. Nikaona barua. Nikaona geti na Karani akisoma majina.

Nikasema, "Mimi nimeikuta imepungua tu. Zaidi ya hapo sijui."

Nusu ya kwanza ilikuwa kweli. Nusu ya pili ilitosha kummaliza mtu. Zakayo alitolewa nje saa nane mchana ule ule, bila hata kupewa nafasi ya kunawa mikono.

Alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye maombi ya Jumamosi, na lile koti. Mngemshauri alifue kwanza? Yeye hakuwa na kosa, hakufikiri kama mwenye kosa. Mzee wa Kanisa alipompa mkono alinusa. Kufikia Jumapili habari za ghalani zilikuwa zimeshafika, kwa maana Pipeline habari haina haja ya kupanda ngazi.

Kanisani kwetu kuna benchi la nyuma, karibu na mlango. Aliyeonekana na dhambi ya wazi anakaa huko. Hapewi meza ya Bwana, haombi mbele za watu, hasimamii ndoa ya mtoto wake. Anakaa hadi atakapokiri, na siku akikiri anaimbiwa, anarudishwa mbele. Wengine hukaa mwezi, wengine miezi mitatu. Zakayo aliambiwa akiri kwamba alikunywa.

"Sikunywa," akasema.

"Ndugu, tulikunusa."

"Mlinusa koti."

Wakamweka nyuma.

Jumatano Meneja aliniita ofisini. Chupa ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa. Mtu wa bima alikuwa amekuja, ameiangalia, ameandika, ameenda. Kizibo kilikuwa kwenye kisahani vipande vipande, kimeoza kama mkate ulioloweshwa.

Nilikuwa sijalala siku nne. Nikasema kabla hajanikaribisha kiti.

"Bwana Meneja, hakuna aliyekunywa. Niliilaza mimi, kama mvinyo."

Akachukua kipande cha kizibo akakiponda kwa vidole.

"Ninajua," akasema. "Nilipokitoa niliona. Mvinyo ni mpole, unalinda kizibo. Wiski ni kali, inakila. Wiski husimama, Mama Taa, hata iwe na kizibo cha dhahabu. Ni kosa letu, hakuna aliyekufundisha."

"Basi Zakayo arudishwe."

Hapo akavua miwani, lakini safari hii hakucheka.

"Keti. Bima inalipa wizi. Hailipi ujinga. Karatasi zimeshaandikwa wizi. Nikisema tuliilaza, kampuni inalipa chupa hii yenyewe, na mimi na wewe tunatoka kupitia geti lile lile la Zakayo. Yeye ni mchukuzi, atapata mzigo kwingine."

Akafungua mtoto wa meza akatoa barua. Nilikijua kilichoandikwa bila kukisoma. Akaweka sahihi mbele yangu. Kisha akachukua bilauri mbili ndogo, akamimina kidogo kidogo, akanisukumia moja.

"Una pua kuliko sisi wote hapa. Onja, uniambie kama ilistahili kelele hizi."

Sharon, hapa ndipo jibu lako lilipo, kwa hivyo soma polepole.

Ilikuwa nzuri. Sitadanganya kwa ajili ya kujitakasa. Nilinusa kwanza, nikapata zabibu kavu, na ngozi ya kiatu kipya, na moshi wa jiko la mama yangu asubuhi ya mvua. Nikaweka tone ulimini. Halikuchoma. Lilienda likakaa, na dakika nzima baadaye lilikuwa bado linasema jambo. Nimenusa chupa maelfu na sijawahi kukutana na kitu kama hicho. Ukiniuliza kama ilikuwa bora kuliko ile ya miaka kumi na miwili, ndiyo, ilikuwa bora. Labda mara mbili. Ukinilazimisha sana, mara tatu. Lakini bei yake ilikuwa zaidi ya mara mia, na ulimi wa binadamu hauna mahali pa kuweka mara mia. Kinachozidi hapo si kinywaji. Ni kusubiri kunakouzwa, na raha ya kuwa nacho mwenzako akikosa. Na hicho nacho sikukiona kuwa ajabu sana, kwa sababu mimi nilikuwa nimesubiri miaka kumi na moja, hakuna aliyeniwekea kisanduku cha mbao.

"Ni nzuri," nikamwambia Meneja.

"Ilistahili?"

Nikakunja barua nikaiweka kifuani. Hilo ndilo jibu nililompa.

Miaka ishirini iliyofuata nilifanya kazi yangu vizuri. Mameneja watatu walipita. Mmoja alileta mashine ya kubandika stempu, wanawake wengi wakaenda nyumbani na kucha zao. Mwingine alileta kamera kizimbani. Kila mwanamke mpya aliyeletwa kwangu nilimfundisha kwamba mvinyo hulala na wiski husimama, na nikiulizwa nilijuaje, nilisema nilifundishwa. Barua ile ilisomesha watoto wangu watatu. Hiyo nayo siifichi.

Na kila Jumapili nilikaa benchi la pili mbele, nimefunga kitambaa cheupe cha Umoja wa Akina Mama, na Zakayo yuko nyuma karibu na mlango. Alikosa kazi za ghala zote za jirani, kwa sababu Manyapara huulizana. Akaanza kuwachotea watu maji, mitungi miwili kwa safari, hadi ghorofa ya saba. Mgongo uliokuwa ukibeba wiski ukabeba maji ya kufulia. Mzee wa Kanisa alimwendea mara nyingi. Mara moja niliwasikia.

"Ndugu Zakayo, sema tu ulikunywa, usamehewe, yaishe."

"Nikisema hivyo, Mzee, ndipo nitakuwa nimefanya dhambi."

Binti yake alipoolewa, mjomba ndiye aliyemshika mkono kumpeleka mbele. Zakayo aliangalia kutoka benchi lake, kofia yake ikiwa pembeni mahali ambapo mtu angekaa. Mimi ndiye niliyeongoza wimbo. Yule aliyeitwa mlevi hakujua ladha ya wiski, na aliyeimba mbele aliijua.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzo niliogopa barua. Halafu watoto wakamaliza shule, nikaogopa kitambaa cheupe. Halafu miaka ikawa mingi, nikaiogopa miaka yenyewe. Nilidhani siri ikikaa itapoa. Haikupoa. Ilikuwa kama ile chupa iliyofungwa, haizeeki wala haibadiliki, ukiifungua inanuka siku ile ile.

Mwaka jana nilistaafu. Walinipa blanketi na keki. Meneja wa sasa, kijana mwenye heshima, akasimama akasema, "Miaka thelathini na moja, na hakuna hata chupa moja iliyoharibika mikononi mwa Mama Taa." Watu wakapiga makofi. Nilikula keki ile ikawa kama kile kizibo mdomoni.

Kwa hivyo Sharon aliponiletea simu yake nilimaliza mboga, nikamweleza yote. Alizima simu, na kwa Sharon hilo si jambo la kawaida.

"Zakayo gani? Si yule guka, yule mzee wa maji? Yule anapandisha mitungi hapo kwa kina Brenda?"

"Huyo huyo."

"Na bado anabeba! Shosho, na wewe unapita hapo kila siku kwenda kununua maziwa?"

"Ninapita."

"Unamsalimia?"

"Ninamsalimia."

Akanitazama kama ninavyowatazama wajukuu wakivunja sahani. "Aki Shosho," akasema, akatoka. Mimi nimewachapa watoto na wajukuu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Jumapili ile, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Mchungaji ni kijana, hakuwepo wakati ule, alidhani ninataka kushukuru kwa kustaafu. Nikasema kwa maneno machache. Nilisema chupa haikunywewa na Zakayo, ilivuja kwa sababu niliilaza. Nilisema nilijua siku ile ile. Nilisema aliyeonja ni mimi. Hakuna aliyeitikia amina. Mtoto mmoja alikuwa analia, akanyamazishwa.

Mzee wa Kanisa, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, aliuliza, "Mama Ruth, kwa nini leo?"

Kabla sijajibu, Mchungaji alikuwa ameshainuka.

Mchungaji akamwita Zakayo aje mbele, aimbiwe. Wimbo ukaanza, watu wakageuka nyuma. Zakayo hakuinuka. Waliimba ubeti wa kwanza, wakaimba wa pili, sauti zikapungua, zikaisha.

"Nimesikia," akasema kutoka pale alipokuwa. "Endeleeni na ibada."

Nikafungua kitambaa cheupe, nikakikunja, nikakiacha kwenye benchi. Hakuna aliyenituma. Nikatembea hadi nyuma, na kwa miguu yangu hii ni mbali kuliko kutoka kizimbani hadi kwenye taa. Zakayo alinitazama nikija. Mikono yake imepinda kwa mishikio ya mitungi, vidole havinyooki. Nilisimama pale. Kofia ilikuwa mahali pake, pale pembeni yake.

Akaiinua. Nikakaa. Akairudisha, akaiweka katikati yetu.

Sikumwomba msamaha pale, kwa sababu niliona angelazimika kunijibu mbele za watu, na mtu huyu ameshalazimishwa vya kutosha.

Basi, Sharon, na wote mnaouza na kununua, hiyo ndiyo hesabu ninayoijua. Wiski ile ilikuwa nzuri, na hadi leo nikisikia harufu ya zabibu kavu ulimi wangu unaikumbuka bila ruhusa yangu. Mwenye pesa na anunue, ni pesa zake. Mimi nilipewa tone moja bure, na hakuna kitu cha ghali zaidi nilichowahi kuonja.

Jumapili iliyopita nilifika mapema. Zakayo alikuwa ameshafika. Kofia ilikuwa pale pale, katikati. Nikakaa upande wangu.